Somo: Kabla ya kulaumu mvinyo, nusa glasi

Mwaka wangu wa pili wa kuhudumu mezani, katika mkahawa mmoja hapa Kampala, mgeni alirudisha chupa. Akasema mvinyo unanuka dawa. Tukamwomba radhi, tukafungua nyingine. Nayo ikawa vilevile. Tulipokuwa tunaitafuta ya tatu, mpishi mzee, mtu ambaye hajawahi kuonja tone la pombe, alichukua glasi tupu kabatini, akaingiza pua, akacheka mpaka akakaa. Kabati lilikuwa limepakwa vanishi wiki ile, na glasi zote zilifudikizwa juu ya rafu zake. Chupa mbili nzima zimemwagwa, na mvinyo hauna kosa.

Tangu siku hiyo kila mhudumu mpya ninayemfundisha huanza na somo hili. Mnaweza kulifanya nyumbani kwa saa moja.

Hatua ya 1: Ukamate pua ikifanya kazi

Menya ndizi ndogo, zile tunazoita sukali ndizi. Bana pua, tafuna. Utapata utamu na ulaini, basi. Sasa achia pua: ndizi inafika. Ulimi wenyewe unajua mambo machache tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha ya mchuzi wa nyama. Mengine yote hupanda nyuma ya koo hadi puani. Kwa hiyo chochote kinachoigusa pua, kiwe kimetoka kwenye glasi au jikoni kwa jirani, kimekwisha kuugusa mvinyo wako.

Hatua ya 2: Kusanya vyombo

Tafuta glasi yenye mguu, tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Tafuta glasi ya maji iliyonyooka, kikombe cha bati na kikombe cha plastiki cha sherehe. Chupa moja ya bei ya kawaida inatosha. Msinunue ya ghali kwa ajili ya somo.

Hatua ya 3: Nusa vikiwa vitupu

Hapa msiharakishe, maana ndipo makosa mengi yanapojificha. Pua ndani kabisa, vuta pumzi mara moja, pumzika, kisha chombo kinachofuata. Utashangaa. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa kinachoanikwa karibu na sigiri hunuka mkaa. Iliyosuuzwa haraka hunuka sabuni ya ndimu. Iliyolala kifudifudi kabatini imefungia hewa ya kabati tumboni mwake. Plastiki ina harufu yake yenyewe, na huweza kushika ya juisi ya jana.

Dawa yake ni rahisi: maji ya moto bila sabuni, suuza mara mbili, ning'iniza ikauke kwa hewa au ifute kwa kitambaa cha pamba kisichotumika kwa kazi nyingine yoyote. Na kabla ya kumimina, tia mvinyo kijiko kimoja, uzungushe ndani, umwage. Wenye uchoyo watalalamika. Waache.

Hatua ya 4: Mimina kidogo, na kwa usawa

Ipo glasi ya kuonjea iliyowekewa viwango vya kimataifa mwaka 1977. Inabeba takriban mililita 215, lakini humiminwa 50 tu. Tumbo lake lina upana wa milimita 65, mdomo 46. Ile nafasi tupu ndiyo chumba cha harufu. Sisi tuna tabia ya kujaza hadi ukingoni ili mgeni asione tumemnyima, kumbe hapo ndipo tunapomnyima.

Kuhusu joto: "mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba" ni maneno ya nyumba za Ulaya zenye baridi. Mchana wa Kampala ni nyuzi 27 au zaidi, na kwa joto hilo kileo huruka kwanza na kuziba kila kitu. Weka chupa nyekundu kwenye friji nusu saa kabla.

Hatua ya 5: Funga macho

Mwenzako akupe vyombo bila kukuambia ni kipi. Jicho ni mchonganishi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walitia rangi nyekundu isiyo na harufu kwenye mvinyo mweupe, wakawapa wanafunzi 54 waliokuwa wanasomea mvinyo. Nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Zungusha, nusa, onja. Kuzungusha huutandaza mvinyo ukutani mwa glasi, harufu ikapata pa kutokea. Mdomo uliobana huizuia isipotee. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo walipiga picha mvuke wa kileo ukipanda: katika glasi ya mvinyo, kwa nyuzi 13, ulikusanyika kama pete pembezoni mwa mdomo na katikati ukabaki hafifu. Pua inayoingia katikati hukutana na tunda kabla ya kileo. Kwenye glasi iliyonyooka pete hiyo haikuonekana.

Hatua ya 6: Lete harufu za nje

Sasa chukua glasi bora kati ya zile na uhame nayo. Onja kwenye hewa safi. Kisha karibu na kitunguu kinachokaangwa, karibu na anayechoma nyama ya muchomo, karibu na mtu aliyejipulizia manukato. Mwezi wa Novemba, nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakiwa sufuriani, mtaa mzima ni darasa.

Kibaya zaidi ni kwamba pua huzoea. Ukikaa dakika chache kwenye moshi, huusikii tena, ila haujaondoka. Mvinyo uliokomazwa kwenye pipa lililochomwa ndani, ambao una moshi wake mzuri, utauona bapa kwa sababu pua imekwisha kuchoka na moshi wa nje. Harufu ya nje basi hufanya mawili: huongeza isiyotakiwa na hupunguza iliyolipiwa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja:* Mwalimu, nina pesa ya glasi za aina moja tu. Muuzaji anasema kila mvinyo una glasi yake.

Jibu: Wazo hilo lilienezwa sana na Claus Riedel wa Austria, aliyetoa seti yake maarufu mwaka 1973. Umbo lina kazi, hilo nimelisema. Lakini ukiambiwa glasi fulani inaupeleka mvinyo "sehemu ya utamu" ya ulimi, kataa. Ile ramani ya ulimi, inayoipa kila ladha sehemu yake, ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani wa mwaka 1901, maana ulimi huonja ladha zote karibu kila mahali. Nunua ya wastani, kioo chembamba, tumbo na mdomo kama nilivyoeleza. Inatosha mwekundu na mweupe.

*Kutoka Mbarara:* Kwetu Ankole vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa nyasi makusudi. Kwa hiyo chombo kuwa na harufu si kosa kila mara?

Jibu: Umenishika vizuri, ndugu yangu. Na watu wa pwani hufukiza mtungi wa maji kwa ubani. Hiyo ni harufu iliyochaguliwa, na anayekunywa anaitarajia. Vanishi ya kabati hakuichagua mtu.

*Kutoka Soroti:* Na ajono, pombe yetu ya ulezi? Chungu ni kimoja, mirija ni mingi, na utamu upo.

Jibu: Ajono ni ushahidi wangu. Anayekunywa kwa mrija haingizi pua chunguni, harufu yote humjia kwa njia ya koo. Unywe mvinyo kwa mrija uone unavyokuwa mwingine.

*Kutoka Gulu:* Nitajuaje kuwa tatizo ni kizibo, si glasi?

Jibu: Mimina kwenye glasi nyingine uliyoinusa. Harufu ya boksi lililolowa ikibaki, na tunda likawa limefifia, shuku kizibo. Harufu hiyo huletwa na kemikali ya kizibo kibovu iitwayo TCA, na kiasi kidogo mno hutosha kuharibu chupa. Haidhuru mwili. Rudisha bila aibu.

*Kutoka Mbale:* Mimi situmii pombe.

Jibu: Tumia kahawa ya Bugisu, dada. Vikombe vile vile, hatua zile zile, ila ngoja ipoe kidogo kwanza.

*Kutoka Ntinda:* Mgeni wangu mwenyewe amejaa manukato. Nimwambie?

Jibu: Usithubutu. Mpe meza yenye upepo, na wewe mhudumu usijipulize chochote siku ya kazi.

*Kutoka Entebbe:* Nimefanya yote. Glasi ya mguu na ya maji hazina tofauti.

Jibu: Ulimimina kiasi gani?

*Entebbe:* Nilijaza.

Jibu: Kunywa robo tatu, kisha uanze upya hatua ya 4.