Mpangaji kaaga, lakini dalili za kuhama huzioni

Mimi napangisha vyumba Uyole, hapa Mbeya, na kila mwenye nyumba anayeniuliza namwambia hili kwanza: usipokee hela ya mpangaji mpya kabla wa zamani hajakukabidhi funguo. Dalali atakusukuma. Atakuletea kijana wa chuo mwenye kodi ya miezi sita mkononi, akwambie, "Mama, huyu atatukimbia." Mwache akimbie. Ukishapokea, watu wawili wanadai chumba kimoja, na huyo wa pili atakubana wewe, si yule aliyegoma kutoka. Ikibidi sana, andikishaneni kwamba ataingia chumba kikiwa wazi, na kisipokuwa wazi kufikia tarehe fulani unamrudishia hela yake yote.

Dalili huonekana mapema. Anayehama kweli huulizia kirikuu cha kubebea vyombo, huanza kugawa vitu vizito. Anayesema "nasubiri nivune viazi" huku akishusha gunia jipya la mkaa, kaa naye wiki hiyohiyo, kwa adabu, mjumbe akiwepo. Muulize kinachomkwamisha. Mara nyingi ni hela ya kuanzia huko aendako: miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Nikiona ni hivyo, namwongezea wiki mbili, kwa maandishi. Ni nafuu kuliko kesi.

Notisi unayompa ya kuhama iwe na majina, chumba, tarehe ya mwisho, sahihi ya mpangaji na ya shahidi. Akikataa kusaini, mjumbe au mtendaji wa mtaa aandike kwamba alipewa akakataa. Kama analipa mwezi kwa mwezi, mpe mwezi mzima. Baada ya hapo angalia sana hela zinazoingia kwenye simu. Akikutumia kodi ya mwezi unaofuata nawe ukanyamaza, umempa hoja kwamba mmeanza upya. Mjibu siku hiyohiyo kwa ujumbe: nimepokea kwa ajili ya siku ulizokaa, si mkataba mpya.

Kuna wanaong'oa mlango, wanaoezua bati, wanaokata umeme. Wengine wanafanya hivyo Juni na Julai, na baridi ya huku tunaijua, ndani kuna mtoto mchanga. Ni ukatili, usiufanye. Tena unajigeuza mshtakiwa mwenyewe: kikipotea kitu chake chochote, hata usichowahi kukiona, utadaiwa wewe.

Akigoma kabisa, anzia Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ndiko amri ya kumtoa inakopatikana. Beba notisi, risiti na mkataba. Mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stempu TRA, la sivyo unaweza kukataliwa kama ushahidi. Amri ikitoka, anayeitekeleza ni dalali wa baraza, yaani mtekelezaji wa amri zake, si dalali wa vyumba, wala si wewe na wanao.

Siku ya kutoka, kwa heri au kwa amri, kagueni pamoja vioo, soketi na bili ya maji, muandike, msaini. Kisha badilisha kitasa siku hiyohiyo, maana hujui alichongesha funguo ngapi.