Somo: Usitafsiri neno "bow" kabla hujalisikia

Wakuu, swali la "bow" ya Kiingereza ni nini kwa Kiswahili nimelijibu kwenye nyuzi za watu mpaka nimechoka kuanza upya kila mara. Naliweka hapa lote. Soma hadi chini ndipo uulize.

Hatua ya 1. Soma sentensi nzima.

Hatua ya 2. Jua linavyotamkwa. Herufi ni zile zile, sauti ni mbili. Likiwa "bou", mara nyingi kuna kitu kilichopinda: upinde wa mishale, upinde wa fidla, fundo la utepe lenye masikio mawili, miguu yenye matege. Likiwa "bau", ni kuinama au ni sehemu ya chombo cha majini.

Hatua ya 3. Ni silaha? Andika upinde au uta.

Hatua ya 4. Kuna maji? Simama hapo. Niliwahi kutafsiri mwongozo wa usalama wa boti. Sentensi ilikataza abiria kukaa kwenye bow bahari ikichafuka, nami nikaandika "wasikae kwenye upinde". Ukachapwa. Nahodha mmoja akausoma, akaniuliza upinde uko wapi botini. Sikuwa na jibu, na hadi leo linaniuma, maana karatasi ile ilikuwa ya kuokoa roho za watu. Neno tunalo: omo. Nyuma ni tezi. Wahenga wanasema tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa hiyo si neno la kubuni.
Onyo: usikimbilie "mbele ya boti". Msomaji anaweza kuelewa ni kule majini, nje ya boti.
Onyo jingine: hii bow haihusiani na upinde hata kwa asili. Inatokana na neno la kale la kaskazini mwa Ulaya lenye maana ya bega. Yaani omo ni mabega ya chombo.

Hatua ya 5. Ni kuinama? Pima kiasi. Msanii anainama kuwashukuru watazamaji. Mfiwa anainamisha kichwa. Kwenye swala, rukuu ni kuinama viganja vikiwa magotini, na kusujudu ni paji la uso kugusa chini. Ukivichanganya umeharibu ibada ya mtu. Serikali ikifanya bow kwa shinikizo, haijainama: imesalimu amri.

MASWALI

Mwenda Mbio: Mkuu, kwa hiyo bow ni nini kwa Kiswahili?
— Hatua ya 2.

Mwenda Mbio: Nataka neno moja, nina haraka.
— Halipo. Lete sentensi.

Mwenda Mbio: Msichana ana bow kwenye nywele.
— Amefunga utepe. Ungeanza na hiyo tungeshamaliza.

Mpenda Zeze: Mwalimu, shikamoo. Upinde wa fidla nikiutazama umenyooka, tena umebonyea kidogo kuelekea kwenye singa. Kwa nini uitwe upinde?
— Marahaba, umetazama vizuri sana. Zamani ulibinuka kwa nje kama ule wa mishale, na jina likatoka huko. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi wa Ufaransa, François Tourte, ndiye aliyeupa umbo tunalolijua, fimbo ikapindwa kuelekea kwenye singa za farasi. Umbo likageuka, jina likabaki. Ukiona mchoro wa zamani wa mpiga fidla, angalia mkono wake wa kulia, utauona ule wa awali.

Jicho la Pili: Nyongeza: hata elbow imo. Sehemu ya kwanza ni jina la kale la mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, ya pili ni kupinda.
— Asante sana, hiyo sikuiweka. Kiwiko ni pale mkono unapopinda. Inasomwa "bou" pia.

Mtunza Vitabu: Na rafu ikiwa bowed kwa uzito wa vitabu?
— "Bou". Imepinda katikati. Punguza vitabu.