Namna ya Kuagiza na Kula Katika Kopitiam: Mwongozo kwa Msafiri wa Tanga

Mtu aliyezoea kukaa barazani Ngamiani, akapokea kikombe cha kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele huku ameshika kashata, hatakuwa mgeni kabisa akiingia kopitiam ya Singapore au Malaysia. Jina hilo limeundwa na "kopi", yaani kahawa kwa Kimalei, na "tiam", yaani duka kwa Kihokkien, mojawapo ya lugha za Wachina, kwa hiyo maana yake ni jirani sana na neno letu mkahawa. Hata salamu ya Kimalei, "apa khabar", ina neno lilelile la Kiarabu lililotupa "habari". Kitakachompa shida ni kuagiza.

Tafuta kwanza mahali pa kukaa. Ukiona Singapore pakiti ya tishu imeachwa juu ya meza, ujue meza hiyo ina mwenyewe aliyekwenda kununua chakula, nawe usiiondoe. Ndani mna vibanda kadhaa, kila kimoja na muuzaji wake, na vinywaji kwa kawaida huuzwa peke yake, hivyo mlo mmoja unaweza kulipiwa mara mbili au tatu. Muuzaji mwenye umri huitwa mjomba au shangazi kwa Kiingereza, nasi tuliolelewa kwa heshima hiyohiyo hatupati taabu kuufuata mtindo huo.

Kuhusu kahawa, yashike maneno haya vizuri. Ukisema "kopi" tu, utaletewa kahawa iliyotiwa maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Mimi niliagiza hivyo siku ya kwanza, nikakuta utamu umeifunika kahawa yote. "Kopi o" haina maziwa lakini ina sukari, na "kopi c" hutiwa sukari pamoja na maziwa ya kopo yasiyo matamu. Anayetaka uchungu wa barazani aseme "kopi o kosong", kwa kuwa kosong ni tupu. Ongeza "siew dai" upunguziwe utamu, "gau" upate kahawa nzito, au "peng" utiliwe barafu. Kwa chai, weka "teh" mahali pa "kopi", na mengine yanabaki vilevile.

Ladha yake ina sababu. Buni zinazotumika kwa kawaida ni robusta, aina inayolimwa pia kwetu Kagera, nazo hukaangwa pamoja na sukari na siagi au majarini mpaka ziwe nyeusi tii. Unga wake hutiwa katika mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, yakapitishwa maji ya moto, kisha mtengenezaji huimimina kutoka birika hadi birika, mkono mmoja juu na mwingine chini.

Asubuhi agiza mkate wa kaya. Kaya ni mchanganyiko mzito wa tui la nazi, mayai na sukari, unaotiwa harufu kwa majani ya pandan, mmea wa jamaa moja na mkadi wetu, na mtu wa pwani akiuonja atadhani umepikwa na bibi yake. Hupakwa kwenye mkate uliobanikwa, katikati pakawekwa vipande vya siagi baridi. Pamoja nao huja mayai mawili yaliyochemshwa kidogo tu. Usiyaogope kwa kuwa ute bado unatetemeka: yapasue kwenye kisahani, tia matone ya sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, koroga taratibu, kisha chovya mkate ungali moto.

Muislamu asichukulie kwamba kila kibanda ni halali, kwani katika kopitiam nyingi za Wachina nyama ya nguruwe hupikwa waziwazi. Tazama cheti cha halali kwenye kibanda chenyewe, kinachotolewa na mamlaka za Kiislamu, yaani MUIS kwa Singapore na JAKIM kwa Malaysia, na usipokiona, uliza kabla ya kulipa.

Ukimaliza kula Singapore, rudisha sinia na vyombo mahali palipotengwa, kwa sababu tangu 2022 anayeviacha mezani kopitiam huonywa, na akirudia anaweza kutozwa faini. Na kama una haraka, sema "dabao". Kahawa yako itatiwa katika mfuko wa plastiki wenye kamba ya kuning'iniza kidoleni, nawe utainywa kwa mrija ukiwa njiani.