Somo: Kusoma Filamu ya Eksirei kwa Fluoresensi ya Eksirei

Filamu iliyopigwa miale kupita kiasi, ikiwekwa kwenye meza ya taa, huonyesha weusi mtupu. Weusi huo, hata hivyo, ni punje za madini ya fedha zilizomo ndani ya jelatini, na fedha haihitaji taa ili ijulikane. Ikipigwa kwa eksirei zenye nguvu ya kutosha, atomu zake hutoa eksirei za kwao wenyewe, zenye nishati ya keV 22.16 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), na kitambuzi huzihesabu; hiyo ndiyo fluoresensi ya eksirei. Hapa tutatumia filamu za maungio ya kuchomelea, kama zile zinazohifadhiwa na karakana za meli hapa Mombasa.

Kwanza, chagua chanzo, na hapa usiwe na haraka. Elektroni ya ndani kabisa ya fedha haing'oki chini ya keV 25.5, kwa hiyo tyubu ya kutoa eksirei iendeshwe kwa kilovolti 45 au 50. Mimi nilianza na tyubu yenye shabaha (metali inayotoa eksirei ndani ya tyubu) ya rodiamu, nikapoteza siku mbili nikishangaa kuiona "fedha" hata kwenye plastiki tupu. Kumbe mstari wa rodiamu, yaani eksirei zake za nishati maalumu, wa keV 22.7, ukitawanywa na plastiki, huteremka hadi kwenye mstari ninaoutafuta. Shabaha ya tungsteni haina adha hiyo. Kadimiamu-109, chanzo cha mionzi kisichohitaji tyubu, ambayo wengi huipenda, haifai kabisa, kwa kuwa eksirei inazotoa ndizo zile zile za fedha. Tyubu au chanzo chochote kiwe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya.

Pili, ifunge filamu katika fremu, na nyuma yake pawe wazi, bila bamba la chuma. Unyevu wa pwani huivimbisha jelatini, filamu ikajikunja ukingoni kama jamvi lililolowa. Ukingo ulioinuka milimita moja hubadilisha hesabu, nawe ukadhani fedha imepungua.

Tatu, tengeneza kipimo. Chukua vipande vya filamu mpya isiyosafishwa, ambayo fedha yake yote bado imo, upime kimoja, kisha viwili vilivyopandana, kisha vitatu. Hesabu zikipanda kwa mstari ulionyooka, endelea.

Nne, isogeze filamu milimita moja baada ya milimita moja, sekunde tano kila nukta. Eneo la milimita 40 kwa 40 lina nukta 1,600, yaani saa mbili na zaidi kidogo. Hifadhi data kila safu inapokwisha, maana umeme hauna ahadi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie mstari wa fedha wa keV 2.98, ambao hauhitaji kilovolti nyingi?

Marahaba. Hewa yetu ina agoni, na mstari wake wa keV 2.96 umeukalia huo kiasi kwamba kitambuzi hakiwezi kuitenganisha. Tena filamu nyingi za eksirei zina tabaka la fedha pande zote mbili, na mstari huo dhaifu haupenyi poliesta ya katikati, hivyo utasoma upande unaokitazama kitambuzi tu.

Mwalimu, filamu zetu za zamani zimegeuka kahawia. Je, kipimo hiki kitaonyesha kosa lilikuwa wapi?

Tafuta bromini kwenye keV 11.9. Ikiwepo, dawa ya kukazia (ile inayoondoa bromidi ya fedha iliyobaki) haikumaliza kazi, na bromidi ya fedha ingalimo. Isipokuwepo, shuku uoshaji: thiosulfeti, chumvi iliyomo katika dawa ya kukazia, ilibaki, ikaigeuza fedha kuwa sulfaidi. Salfa iko kwenye keV 2.3, inahitaji heliamu au ombwe, na jelatini yenyewe ina salfa kidogo, kwa hiyo linganisha na filamu unayojua ilioshwa vizuri.

Je, tunaweza kupima filamu ambayo haijasafishwa, kisha tukaisafisha?

Hapana. Kila nukta unayoipima itatokea kama doa jeusi. Kata kipande cha ukingoni, kipime hicho, na filamu yenyewe ibaki gizani.