Iodini ya duka la dawa kwa ndoo za mvinyo na bia

Kwa anayetengeneza mvinyo wa ndizi au bia ya nyumbani hapa Mwanza: povidoni-iodini ya 10% inayouzwa duka la dawa inatosha kuulia vijidudu kwenye vyombo. Pima mililita 25 kwa bomba la sindano, changanya na lita 20 za maji baridi. Ile 10% iliyoandikwa kwenye chupa ni ya povidoni na iodini kwa pamoja. Iodini yenyewe ni 1% tu, hivyo unapata takriban miligramu 12.5 kwa lita. Usichukue ya kunawia yenye sabuni, wala ya kuchovya chuchu za ng'ombe, kwani ina vilainishi vinavyoua povu la bia.

Osha vyombo kwanza, suuza hadi utelezi wa sabuni uishe. Uchafu hula iodini kabla haijafika kwa vijidudu. Maji ya ziwa yenye ukijani nayo huimaliza, kwa hiyo yachuje, yachemshe, na yapoe kabisa. Maji ya moto huifukuza iodini hewani. Dawa ikigeuka bluu iliyokoza, ujue kuna wanga wa ulezi umeganda mahali. Rudia kuosha.

Loweka dakika 2, kisha pindua ndoo ichuruzike mpaka ikauke. Usiisuuze tena kwa maji ya bomba, utarudisha vijidudu. Rangi ya chai nyepesi ikififia, dawa imekwisha nguvu: mwaga, changanya mpya. Mpira wa kuhamishia mvinyo au bia utabaki na umanjano, hauna madhara.