Jinsi ya kuongoza somo la kumtumaini Mungu kwenye feloshipu ya chuo, hapa Unguja

Shalom wapendwa. Nimeongoza vipindi vya Neno kwenye feloshipu ya chuo (kikundi cha wanafunzi Wakristo) huku Unguja kwa mihula kadhaa na kila muhula mada ya kumtumaini Mungu lazima irudi, mana wanafunzi wanaiomba wenyewe ikikaribia UE (mtihani wa mwisho wa muhula) au bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa. Sasa naona wadogo zetu wanaoshika uongozi wanaipeleka vilevile tulivyoipeleka sisi: Mithali 3:5-6 ("Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote"), ushuhuda mmoja wa mtu aliyefanikiwa, pambio, maombi, watu wanarudi dahalia (hosteli). Naomba msifanye ivo, na ntawaeleza mfanyeje.

Muhula mmoja nilikuwa naongoza mie. Nikasimulia nilivyoomba mpaka ada ikapatikana siku mbili kabla ya mtihani, watu wakapiga makofi. Pale kulikuwa na dada wa mwaka wa kwanza katokea Bara, mkopo kakosa kabisa, alikaa mpaka mwisho akaondoka kimya na kwenye feloshipu hakurudi tena. Baadae alimwambia mwenzake wa chumbani kuwa siku ile alitoka anajua tatizo ni imani yake ndogo. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Ushuhuda wangu ulikuwa wa kweli kabisa, ila niliuweka mahali pa Neno, na yule dada hakupata pa kusema "naogopa".

Kwa hiyo kwanza, msiifanye mada hii siku moja, ipeni wiki nne. Na wiki ya kwanza msianze na ahadi, anzeni na Zaburi 13. Ni fupi, aya sita tu, Daudi anaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini utanisahau", anauliza hata lini, hata lini, na kutumaini kunakuja aya ya tano huko. Someni mara mbili kwa sauti, watu wawili tofauti, alafu mgawe vikaratasi kila mtu aandike "hata lini" yake bila jina. Kiongozi asivisome mbele za watu! Avikusanye aviombee tu. Hapo kila mtu kashajua humu ndani kuogopa si dhambi ya kuficha.

Wiki ya pili ndo moyo wa yote, Marko 4:35-41, Yesu analala chomboni na dhoruba inavuma. Hapa sisi wa visiwani tuna bahati ambayo wenzetu wa Dodoma hawana. Kabla hujafungua Biblia uliza, nani kashavuka kwenda Pemba msimu wa kusi, ule upepo wa kusini? Utapata watatu wanne, waache waseme boti ikifika mkondo wa Nungwi inakuwaje, watu wanatapika, mama kamkumbatia mwanawe, kila mtu anaomba kwa dini yake. Wakimaliza ndo msome. Sasa aya ya 38 inasema Yesu alikuwa katika shetri amelala juu ya mto, na nakuhakikishia kuna mtu wa bara atafikiri ni mto wa maji. Ni mto wa kulalia jamani! Na shetri ni upande wa nyuma wa chombo, mvuvi yeyote wa hapa atakwambia. Biblia ya Kiswahili ya Union (Union Version) ya 1952 imesimama kwa sehemu kubwa juu ya Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo msione haya kuwauliza majirani maana ya maneno yake, ni maneno yao.

Maswali ya kuuliza yawe machache, mie natumia matatu tu. La kwanza, wanafunzi wa Yesu walipomwamsha walisema nini hasa? Walisema "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hayo si maombi mazuri ya kupangiliwa, ni lawama kabisa, na bado aliamka. La pili, Yesu alianza na lipi, kuwauliza kuhusu imani yao au kutuliza bahari? Wape muda waangalie wenyewe. Kwenye Marko anatuliza kwanza, kuuliza kunafuata. Alafu wapeleke Mathayo 8:26 waone kule swali limetangulia. Usikimbilie kulitatua, mwache mtu aone kwamba waandishi wawili wa Injili wamesimulia jambo moja kwa mpangilio tofauti, na kikundi kijadili kila mmoja anatufundisha nini. Mie nikiwa na mtu mwenye hofu mbele yangu nashika mpangilio wa Marko, kwanza nimsaidie atulie. La tatu ni hili: walipoingia chomboni nani aliwaambia wavuke? Ni Yesu mwenyewe, aya ya 35. Walikuwa kwenye utii na dhoruba ikawakuta humohumo. Hapa ukimya utaingia, uache. Dakika nzima ya ukimya sio kipindi kimekufa, ni watu wanafikiri, kiongozi usiujaze na maneno yako.

Wiki ya tatu ni ya Danieli 3, wale vijana watatu waliokataa kuabudu sanamu wakatupwa kwenye tanuru la moto. Kaeni kwenye aya ya 17 na 18 tu. Wanasema Mungu aweza kutuokoa, alafu wanaongeza "bali kama si hivyo". Mpange iangukie wiki moja kabla ya UE, mana mtu anayeogopa sapu (kurudia mtihani) anahitaji kusikia kwamba kutumaini hakumalizikii kwenye matokeo ya mtihani. Na waambieni wazi wasome, kukesha kwenye maombi wiki nzima bila kufungua daftari sio imani.

Ya nne tokeni. Kama chuo kipo Tunguu pandeni daladala mpaka mjini, alafu kwa miguu mpaka Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo, na mbele ya madhabahu kuna duara sakafuni linaloonyesha palipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, shingoni minyororo. Ulizeni kiingilio mapema ili msiaibike mlangoni, mkae nje kwenye kivuli msome Zaburi 13 ile ile ya wiki ya kwanza. Msihubiri. Nimewahi kuona kijana mkubwa akilia pale na hakuna aliyemsemesha, ilikuwa sawa. Baada ya hapo nendeni Forodhani, bustani ya pwani, mle urojo (ule mchuzi mzito wa hapa) pamoja, watu wanaongea zaidi wakiwa na bakuli mkononi kuliko kwenye duara la viti.

Mambo ya utaratibu nayapita haraka ila msiyadharau. Sisi tunaishi na ndugu Waislamu ambao ndo wengi hapa, kwa hiyo anzeni saa 10 na nusu jioni watu wakishatoka kwenye swala ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi, spika zisitoke nje ya chumba. Mkikutana nyumba ya mtaani badala ya chuoni, kiongozi aende kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) mapema ajitambulishe kwa heshima, asisubiri aulizwe. Ramadhani vitafunio viwe ndani na msivitembeze mchana njiani. Kikundi kisizidi watu 8, mkizidi gawaneni, mana kwenye watu 20 wanaongea walewale watatu kila wiki. Na anayesimulia shida yake, isiende kwenye grupu la WhatsApp hata kama ni "kwa maombi", mpaka mwenyewe aruhusu.

La mwisho ndo tulilolikosa sisi wakati ule. Katika wiki hizo nne lazima kuna mtu atasema hana hela ya kula. Yakobo 2:15-16 inamzungumzia mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe kitu. Kwa hiyo wekeni kikapu cha chango tangu wiki ya kwanza, kila mtu na alichonacho, mia tano, kikombe cha mchele, na mchague wawili wenye kutunza siri, dada mmoja na kaka mmoja, ndo wajue kinaenda kwa nani. Wapeleke usiku huohuo dahalia, wagonge mlango, wakabidhi, wakae nae kidogo kama anataka kukaa na mtu.