Kuchuja intaneti ya wanafunzi kwa kutumia ruta

Huhitaji kusakinisha chochote kwenye kompyuta za wanafunzi. Unachohitaji ni ruta inayokubali kuandikiwa rekodi za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), kama MikroTik au yenye OpenWrt, programu huria ya ruta.

1. Tenganisha mitandao: wanafunzi na Wi-Fi yao, walimu na ofisi yao.

2. DHCP ya wanafunzi (huduma ya ruta inayovipa vifaa mipangilio ya mtandao) igawe anwani ya ruta kuwa DNS. Ruta nayo iulize 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ambazo ni za bure na huzuia ponografia na programu hasidi. Usiweke 8.8.8.8 ya Google, isiyochuja, pembeni eti iwe akiba. Ruta inaweza kuiuliza wakati wowote, na hapo chujio linavuja.

3. Sasa ziba mianya, maana wanafunzi wataitafuta. Kutoka mtandao wao kwenda nje, zuia poti (milango ya mtandao yenye namba) 53, UDP na TCP, na 853. Hiyo 853 ndiyo inayotumiwa na DNS ya faragha ya Android. Aliyeiweka kwa jina la seva atakosa intaneti mpaka aiondoe, na atakuja kwako analalamika. DoH, yaani DNS iliyofichwa ndani ya HTTPS, ni mkaidi zaidi kwa kuwa hupita poti 443 pamoja na tovuti za kawaida. Ruta ikijibu kwamba use-application-dns.net haipo, Firefox huacha DoH yake, isipokuwa mtumiaji aliiwasha mwenyewe. Kwa VPN, handaki la siri linalopita juu ya chujio, usijidanganye: DNS peke yake haiziwezi.

4. Elekeza www.google.com kwenda forcesafesearch.google.com kwa rekodi ya CNAME, inayofanya jina moja lijibiwe kama jingine. Www.youtube.com ipeleke restrictmoderate.youtube.com. Kwenye OpenWrt CNAME haifuati jina la nje, kwa hiyo andika anwani yenyewe: 216.239.38.120 kwa Google, 216.239.38.119 kwa YouTube. Ipo pia restrict.youtube.com, lakini ni kali mno kwa shule inayofundishia video.

5. Chukua kompyuta ya mwanafunzi, siyo yako. Kwenye Command Prompt ya Windows andika ipconfig /flushdns, kisha nslookup www.google.com. Ukiona 216.239.38.120, imekubali. Ukiona nyingine, rudi hatua ya 3 na ya 4.

6. Weka utaratibu wa kufungua tovuti. Mwalimu wa biolojia atakuta ukurasa wa afya ya uzazi umefungwa, tena kipindi kikiwa kinaendelea. Usizime chujio zima kwa ajili yake: iambie ruta iulize 1.1.1.1, isiyochuja, kwa jina hilo moja tu. Kwenye OpenWrt ni mstari mmoja wa dnsmasq, programu yake ya DNS: server=/jina-la-tovuti/1.1.1.1. DNS hufungua tovuti yote wala siyo ukurasa mmoja, kwa hiyo ipitie kwanza.